Bunia: Mtoto akisha kuwa mkubwa, pesa za malezi ambazo baba hakulipa ni za nani?

Siku ya mahari, mambo ya zamani yanafunguka. Jambo hili linajulikana Bunia, toka Mudzipela mpaka Nyakasanza: mwanaume aliyeondoka wakati binti alikuwa bado ananyonya anarudi siku posa inapoletwa, amevaa koti, anaomba kiti cha baba. Ndipo wajomba wanamuuliza: miaka yote ile, nani alilipa minervali? Nani alimpeleka hospitali?

Nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo familia nyingi hazijibu vizuri. Kama baba alipaswa kutoa pesa za malezi na hakuzitoa, na sasa mtoto amepita miaka 18, deni limekufa? Na kama halijafa, nani anapaswa kulipokea: mama, mtoto mwenyewe, ao wajomba waliomlea?

Tuchukue mfano. Mama anauza samaki wa Tchomia sokoni Bunia. Baba wa mtoto wake alikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Walipoachana, tribinali ilimwamuru baba atoe dola 40 kila mwezi mikononi mwa mama. Alilipa mpaka mtoto alipofikisha miaka 8, kisha akanyamaza. Leo mtoto ana miaka 19. Kwa miaka 10, yaani miezi 120, hesabu inafika dola 4,800.

Baba anasema: "Mtoto amekuwa mkubwa, mambo yameisha." Kijana anasema: "Pesa zilikuwa zangu, nipewe mimi nilipie chuo." Mama anasema: "Nilikopa ili ule, deni ni langu." Nani ana haki?

Kilicholiwa na kinachohitajika leo

Kwanza, miaka 18. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18 kamili. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema vilevile. Siku hiyo ikifika, kijana anaweza kwenda mbele ya hakimu yeye mwenyewe, bila kusimamiwa na mzazi.

Lakini siku ya kuzaliwa haifuti miezi iliyopita. Dola 40 za mwezi ambao mtoto alikuwa na miaka 9 zilipaswa kulipwa mwezi ule. Mtoto alikula, alivaa, alisoma. Mtu fulani alitoa pesa hizo mfukoni mwake, na katika mfano wetu ni mama. Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza ni karatasi ya hukumu: imeandika pesa zilipwe kwa nani? Kama imemtaja mama, yeye ndiye mdai, hata kama mtoto leo ana ndevu. Kama mama alisimama tu kwa niaba ya mtoto, na haki imeandikwa kwa jina la mtoto, basi mtoto aliyekuwa mkubwa anaweza kuidai mwenyewe.

Mahitaji ya leo ni jambo lingine. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka wajibu wa kusaidiana kati ya wazazi na watoto pale mmoja anapokuwa na shida na mwingine ana uwezo. Wajibu huo hauishi siku ya miaka 18. Kijana ambaye bado anasoma na hana njia ya kuishi anaweza kuomba msaada kwa baba yake. Hapo anaomba ya leo na kesho, kwa jina lake. Hachukui ya mama.

Nchi nyingine zinafuata njia inayofanana. Katika majimbo mengi ya Marekani, ambako Wakongomani wengi wanaishi, deni la malezi linabaki hata mtoto akiwa mtu mzima, na kwa kawaida linalipwa kwa mzazi aliyemlea. Kenya nayo, sheria ya watoto ya mwaka 2022 inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalum.

Mama akifariki, ao baba

Ituri ni jimbo lililozika watu wengi, na swali hili haliwezi kuwekwa pembeni. Mama akifariki kabla ya kulipwa, deni lake linaingia katika urithi wake. Kwa Kanuni ya familia, watoto ndio warithi wa kundi la kwanza. Hapa familia nyingi zinashangaa: kama mama alizaa pia na mwanaume mwingine, watoto wake wote wanagawana deni hilo, hata wale ambao baba mwenye deni si baba yao. Lilikuwa deni la mama, na wote ni watoto wake.

Baba akifariki, deni linadaiwa katika mali aliyoacha. Zaidi ya hapo, mtoto aliyetambuliwa kisheria anarithi sawa na watoto wa nyumba kubwa, hata kama alizaliwa nje ya ndoa. Kanuni hiyo inasema waziwazi kwamba kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake. Lakini kutambuliwa kunahitaji karatasi, na kumfuatilia baba aliye hai ni rahisi kuliko kubishana na ndugu zake kaburini.

Pale ambapo hakuna hukumu

Mfano wetu una hukumu. Familia nyingi hazina. Watu walikaa pamoja, wakaachana, na makubaliano yalikuwa ya mdomo mbele ya wazee. Bila hukumu hakuna kiasi kilichowekwa, na baba anaweza kubisha kila franka. Mama anaweza bado kufungua kesi, ila anahitaji ushahidi: cheti cha kuzaliwa, risiti za shule na za hospitali, ujumbe wa simu ambamo baba anaahidi kutuma, ao alama za pesa alizotuma mara moja moja kwa M-Pesa ao Airtel Money. Aliyekimbia Djugu na kufika kambi ya Kigonze bila karatasi hata moja anaanza mbali zaidi.

Ugomvi wa familia unasikilizwa na tribinali ya amani. Mtoto akiwa bado mdogo, tribinali ya watoto nayo ina kazi yake, hasa kuhusu kutambua baba ni nani. Utawala wa kijeshi ulioanza kutumika Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021 ulipeleka kesi za jinai kwenye mahakama ya kijeshi. Kesi za familia hazikuhamishwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini ili asaidiwe gharama, na kuuliza baraza la mawakili kuhusu ushauri wa bure.

Onyo moja: madai ya pesa za kila mwezi yana muda wake kisheria. Mama anayengoja binti aolewe ndipo aseme anaweza kukuta sehemu ya deni haidaiwi tena. Amuone wakili mapema.

Tukirudi kwenye kiti cha baba

Mila ina jibu lake. Katika jamii nyingi zetu, mwanaume ambaye hakutoa mahari ya mama wala hakulea anatozwa faini kabla ya kukaa mbele ya wakwe wa binti yake. Njia hiyo ina faida: inamalizika siku moja, bila hakimu, na binti anaolewa kwa amani.

Lakini tuangalie mikono inayopokea. Mbuzi na pesa za faini zinakwenda kwa wajomba. Mama, aliyeamka saa kumi usiku kungojea samaki, anabaki jikoni akipika chakula cha wageni. Deni la malezi na mahari ni vitu viwili. Familia ikitaka kuvimaliza kwenye meza moja, iandike karatasi: baba alikuwa na deni la kiasi gani, amelipa ngapi, na nani amepokea. Jina la mama lisikose katika karatasi hiyo.