MSETO WA JIONI: CHUNGU KIMOJA KWA WATU WOTE WA NYUMBANI

Ndugu msomaji, nyumbani kwako chakula cha jioni huiva saa ngapi? Na kinapoiva, mtoto wako mdogo yuko macho au amekwisha lala?

Jiulize swali hili kwa dhati. Vijijini wakati wa kilimo, mama hurudi kutoka shambani saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni. Ana jembe begani, kuni kichwani na mtoto mgongoni. Bado hajachota maji. Bado hajawasha moto. Akibandika maharage makavu saa hizo, yataiva saa tatu usiku. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja saa tatu usiku. Analia kidogo, anapewa kipande cha kiporo, analala.

Asubuhi mama anauliwa zahanati, "Mtoto alikula nini jana usiku?" Akina mama wengi hujibu, "Alilala kabla chakula hakijaiva." Mtoto akilala hivyo siku moja, hakuna neno. Lakini akilala hivyo siku nyingi katika mwezi, uzito wake hauongezeki. Kadi yake ya kliniki inaonyesha mstari uliolala. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Leo nitakueleza chakula kimoja kinachoiva upesi, kinachopikwa katika chungu kimoja, na kinachowafaa baba, mama, bibi na mtoto. Chakula hicho ni mseto.

MTOTO ANA TUMBO DOGO

Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula chakula kingi mara moja kama mtu mzima. Ukimpa ugali mtupu na mchuzi mwepesi, tumbo linajaa upesi. Anaonekana ameshiba, lakini mwili wake haujapata vitu vyote vinavyotakiwa.

Mtoto wa miezi 9 hadi miaka 2 anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, na kupewa kitu kidogo kati ya milo, kama vile tunda au kikombe cha maziwa. Pia aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mlo wa jioni ukikosekana, usiku unakuwa mrefu sana kwake. Ni muda wa saa kumi na mbili au zaidi bila chakula.

Mtoto anayekula chakula kidogo na cha aina moja kila siku, na ambaye huugua mara kwa mara, anaweza kupata utapiamlo. Aina moja ya utapiamlo ni kwashakoo. Jina hili limetoka Ghana, katika lugha ya Waga. Daktari Cicely Williams aliyefanya kazi huko aliueleza ugonjwa huu kwa madaktari wenzake mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina hilo walilolitumia wenyeji. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto aliyeachishwa ziwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Basi utaona kwamba akina mama wa Ghana walikuwa wameitambua hatari hii kabla ya madaktari.

MSETO NI NINI?

Mkulima anakijua kilimo cha mseto. Anapanda mahindi na kunde katika shamba moja. Chakula cha mseto ni vivyo hivyo. Nafaka na jamii ya kunde hupikwa pamoja katika chungu kimoja. Mseto unaojulikana sana ni wa mchele na choroko. Watu wa pwani huupika kwa tui la nazi, wakaula kwa mchuzi wa samaki. Huko India nako watu hupika mchele na dengu au choroko pamoja, wakawapa watoto na wagonjwa, kwa sababu ni chakula laini.

Kwa nini tuchanganye? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mchele unatia nguvu, lakini hauna protini nyingi. Protini ndiyo inayojenga mwili. Katika gramu 100 za mchele mweupe kuna protini kama gramu 7. Katika gramu 100 za choroko kavu kuna protini kama gramu 24. Tena protini ya mchele ina upungufu unaojazwa na ile ya choroko, na ya choroko ina upungufu unaojazwa na ile ya mchele. Zikiliwa pamoja zinaufaa mwili kuliko kila moja peke yake.

Mwaka 1973 wazee wetu wa Tanzania walijifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wengi wanakumbuka mafungu matatu waliyofundishwa: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu huyagawa makundi ya vyakula zaidi ya hapo, lakini mafungu matatu bado ni rahisi kukumbuka. Chungu chako cha jioni kiwe na yote matatu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu sita, tafuta vitu hivi:

Mchele vikombe 3 vya chai.
Choroko kikombe 1 na nusu.
Karanga zilizotwangwa laini, kikombe 1. Ukiwa na nazi, tumia tui badala ya karanga.
Mchicha, matembele au majani ya maboga, fungu kubwa moja.
Kitunguu 1 na nyanya 2, kama vipo.
Chumvi kidogo yenye madini joto.
Limau 1, kama lipo.
Dagaa wakavu waliosafishwa na kutwangwa, vijiko 3, kama wapo.

Usiache kupika kwa sababu umekosa kitunguu au nyanya. Vitu vikubwa ni mchele, choroko, karanga na majani.

JINSI YA KUPIKA

Kwanza. Kabla ya kwenda shambani, chagua choroko, zioshe, uziloweke katika maji safi na kuzifunika. Kazi hii ni ya dakika chache tu, lakini ndiyo inayokuokolea muda na kuni jioni. Hata mtoto wa shule anaweza kuifanya arudipo mchana.

Pili. Jioni mwaga maji uliyolowekea. Nawa mikono kwa sabuni. Bandika choroko kwa vikombe 6 vya maji. Zikilowekwa vizuri huchukua kama nusu saa kuwa laini. Wakati huo osha mchele, osha majani, kisha yakate.

Tatu. Choroko zikianza kupasuka, tia mchele, kitunguu, nyanya na unga wa dagaa. Koroga karanga katika vikombe 4 vya maji, umimine chunguni. Funika. Punguza moto na koroga mara kwa mara, maana karanga hushika chini upesi.

Nne. Baada ya dakika 15 hivi mchele utakuwa karibu kuiva. Tia majani na chumvi. Acha dakika 5 tu. Majani yakikaa motoni muda mrefu hupoteza baadhi ya vitamini. Ukiona maji yamekauka na wali bado mgumu, ongeza maji ya moto kidogo.

Tano. Epua. Mseto mzuri ni laini, wala haushikani kama ugali. Unaweza kuuponda kwa mwiko.

Kwa hiyo, ukiwasha moto saa kumi na mbili jioni, saa moja na kidogo watu wako wanakula. Mtoto bado yuko macho. Umetumia chungu kimoja, moto mmoja na kuni chache.

Ukikamua limau juu ya chakula wakati wa kula, utausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika choroko na majani. Madini hayo huongeza damu. Mafuta ya karanga au ya nazi nayo yanausaidia mwili kupata vitamini A ya majani, ambayo hulinda macho.

MTOTO APEWE VIPI?

Mtoto asiyefikisha miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Asipewe mseto wala uji.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apondewe mseto mpaka uwe laini kabisa. Uwe mzito wa kutosha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo bure.

Mtoto wa mwaka 1 na zaidi ale mseto wa watu wote, ila apewe bakuli lake mwenyewe. Jambo hili ni kubwa. Watoto wakila sinia moja na kaka zao, mdogo hushindwa. Mkono wake ni mdogo na hutafuna polepole. Akiwa na bakuli lake utajua amekula kiasi gani. Kaa naye, msemeshe, mpe polepole, usimlazimishe.

Mtoto mdogo asipewe karanga nzima. Zinaweza kumkwama kooni. Zitwangwe kila mara.

ASIYE NA MCHELE AFANYE NINI?

Si kila nyumba ina mchele kila siku. Tumia chenga za mahindi au mtama mahali pa mchele, ila zipe muda mrefu kidogo motoni. Unaweza pia kuponda viazi vitamu au ndizi za kupika pamoja na choroko au kunde. Mseto ni mchanganyiko. Chungua kilichomo ghalani mwako.

Makande ya mahindi na maharage ni chakula kizuri sana, lakini huchukua muda mrefu. Yapike siku usiyokwenda shambani. Maharage yalowekwe usiku kucha, na yachemshwe mpaka yawe laini kabisa. Maharage ambayo hayajaiva vizuri huumiza tumbo na kutapisha.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kupimwa uzito aliwahi kuniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulikua kwa ugali na mlenda, na tupo."

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Ugali si mbaya, na mlenda ni mboga nzuri. Ila mtoto anataka na kunde juu yake."

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Tulizaliwa tisa. Tuliokua ni watano." Akaniomba nimtajie tena vipimo vya choroko.

TAHADHARI

Usitumie karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyosinyaa. Yanaweza kuwa na sumu kuvu. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Anika mavuno juu ya turubai au mkeka, siyo juu ya udongo mtupu, na uyahifadhi mahali pakavu.

Pika kiasi kitakachokwisha jioni hiyo. Wali uliokaa nje usiku kucha unaweza kuwa na sumu ya vijidudu, ambayo haiondoki hata ukiupasha moto. Usimpe mtoto kiporo cha namna hiyo.

Ukiona miguu ya mtoto imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, usingoje. Ukiona nywele zake zimekuwa nyepesi na za rangi ya wekundu, ngozi inabambuka, au amekonda sana na hataki kula wala kucheza, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto huyo ni mgonjwa. Anahitaji matibabu na chakula maalumu. Mseto peke yake hautamponya.

NA BABA JE?

Baba asome ukurasa huu naye, au asomewe. Lishe ya mtoto si kazi ya mama peke yake. Baba anaweza kupanda mistari michache ya choroko shambani. Anaweza kuacha debe moja la karanga lisiuzwe, liwe la nyumbani. Anaweza kupasua kuni na kuchota maji wakati mama anabandika chungu. Baba akifanya hivyo, chakula kitaiva mapema zaidi, na mtoto atakula kabla usingizi haujamchukua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO

1. Katika nyumba zenu, watoto wadogo hula jioni saa ngapi?
2. Kwa nini mchele na choroko hufaa kuliwa pamoja?
3. Kwa nini mtoto awe na bakuli lake mwenyewe?
4. Hapa kijijini tunaweza kupika mseto wa namna gani kwa mazao yetu wenyewe?
5. Taja dalili tatu zinazokupasa kumpeleka mtoto zahanati upesi.

Loweka choroko zako kesho asubuhi, ndugu msomaji, ili mtoto wako asilale na njaa kesho usiku.