Mtoto Asiyesikia Si Mjinga: Vyombo vya Kumsaidia Shuleni



Katika mikutano yetu ya Gitega na Muyinga tunazungumza mishahara, zamu na mikataba. Lakini mkutano ukiisha, mara nyingi mzazi mmoja hunivuta pembeni na kuniambia: "Ndugu, mwanangu shule imemshinda." Leo napenda tulieleze jambo hilo wazi, maana ni letu sote.

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi ya kuosha kahawa alikuwa na mtoto aliyekaa darasa la kwanza miaka mitatu. Shuleni aliambiwa kwamba mtoto ni mzito wa kichwa, afadhali akachunge mbuzi. Mama yake ndiye aliyegundua ukweli. Akimwita kwa nyuma, mtoto hageuki. Akimwita uso kwa uso, anajibu. Kumbe kichwa kilikuwa kizima, masikio ndiyo yaliyokuwa mabovu, na mtoto alikuwa akisoma midomo ya watu. Miaka mitatu imepotea bure!

MASIKIO

Kwa mtoto anayesikia kidogo kipo kifaa cha kuvaa sikioni. Ndani yake kuna kinasa sauti, kisha chombo cha kuikuza, kisha kipaza sauti kidogo kinachoipeleka sikioni. Kinatumia betri ndogo ambayo huisha baada ya siku chache au wiki chache. Kwa hiyo, anayetoa msaada wa kifaa bila kufikiria betri ametoa pambo tu. Tena lazima kipimwe na mtaalamu, kila sikio kwa kiasi chake.

Kiziwi kabisa hasaidiwi na kifaa hicho. Yeye anahitaji lugha ya ishara, tena mapema, na mwalimu anayeijua. Lugha hiyo husikilizwa kwa macho, kwa hiyo mwanga wa kutosha darasani ni chombo cha kusomea kama vile kalamu.

Hapa Muyinga tunao mfano. Mwaka 2012 ilijengwa maktaba iwe sehemu ya shule ya watoto viziwi, kwa kazi ya shirika la ODEDIM pamoja na wachora ramani za majengo wa BC kutoka Ubelgiji. Matofali yake ni udongo wa hapa hapa ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, na vigae vyake vilichomwa hapa hapa. Ndani umetandikwa wavu mkubwa wa kamba za katani zilizosukwa kwa mikono, na watoto hupanda juu yake kusoma. Ninyi mnaojua udongo na kamba mwaona wenyewe: si kila chombo cha kusaidia lazima kitoke ng'ambo ndani ya sanduku.

MACHO

Kwanza apimwe macho. Wengi wanaoitwa wavivu wanahitaji miwani tu, au kukaa mbele karibu na ubao.

Kwa kipofu yapo maandishi ya nukta aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka angali mtoto. Aliyatoa kitabuni mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 20. Herufi zote hutokana na nukta sita, nazo zikipangwa mbalimbali hupatikana alama 63. Mwanafunzi huweka karatasi nzito ndani ya kibao chenye vidirisha, akatoboa kwa msumari mdogo kutoka kulia kwenda kushoto. Akigeuza karatasi, nukta zimeinuka upande wa pili, na vidole husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna umeme wala betri.

Siku hizi zipo simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Ni msaada mkubwa, ila si kila lugha zinaisoma vizuri. Simu isichukue nafasi ya mwalimu.

MIGUU

Mtoto asiyeweza kutembea hafiki darasani, hata awe na akili namna gani. Gitega kipo kituo cha taifa cha viungo vya bandia na cha kurekebisha viungo. Wazazi waulize huko kabla ya kukata tamaa.

TUFANYE NINI?

Tangu mwaka 2005 shule ya msingi haina karo. Mwaka 2014 Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu, na tarehe 10 Januari 2018 ikatungwa sheria ya nchi ya kulinda haki hizo. Lakini sheria haitembei yenyewe. Husukumwa na wenye haki. Kwa hiyo:

1. Mwite mwanao kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke kwa mganga wa hospitali, si kwa fimbo.

2. Kila tawi liandike idadi ya watoto wa wanachama wasiosoma kwa sababu ya ulemavu. Tukienda mbele ya mwajiri au mkuu wa shule, twende na hesabu mkononi.

3. Tudai ruhusa ya siku ya kumpeleka mtoto kupimwa bila kukatwa mshahara.

4. Tudai vizibo vya masikio penye mashine za kelele. Tusije tukatafutiwa vifaa vya kusikia sisi wenyewe.

Ndugu, mtoto aliyefichwa nyumbani haonekani katika hesabu ya mtu yeyote. Mtoeni nje.

Umoja ni nguvu!