NGUO ZA MAREHEMU NI URITHI WA MTOTO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo hutumika zaidi kwa fedha na mifugo, lakini twaona kuwa yafaa pia kwa kumbukumbu ya mtu. Mzazi akifa na watoto wake wangali wadogo, na pasiwepo kitu cha kuwaonyesha, baada ya miaka kumi hubaki jina tu.

Jambo hili lawahusu hasa askari wa jeshi na wa polisi. Askari huhamishwa: leo yuko Jinja, kesho Mbale, mwaka ujao Moroto. Mtoto wake hukulia mbali na kwao, akimwona baba siku za likizo. Baba akifariki, mjane hana budi kuiacha nyumba ya kambi, na sanduku la nguo hufunguliwa mbele ya jamaa. Ndugu huyu huchukua shati, yule huchukua koti, na matanga yakiisha mtoto hana hata kifungo.

Iko njia ya kuzuia hasara hiyo: kukata vipande katika nguo za marehemu na kuviunganisha viwe mfarishi, yaani shuka nene la viraka la kujifunika.

Kitambaa kubeba kumbukumbu si jambo geni kwetu. Baganda na Basoga huwazika wafu wao katika lubugo, nguo itokanayo na gome la mti wa mutuba, na katika Buganda mrithi huvikwa lubugo siku ya kusimikwa. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Wala kushona viraka si jambo geni kwa askari. Wakati wa Vita ya Krimea, 1853 hadi 1856, na miaka iliyofuata, askari wa Kiingereza walishona mifarishi kwa vipande vya sufu ya sare zao, wengine wakiwa wamelala hospitalini na majeraha. Basi asiwepo wa kusema kuwa sindano ni ya wanawake peke yao. Katika baraza za maduka ya Jinja na Mbale mafundi wanaume wa cherehani hawakosekani.

Katika zama zetu, ugonjwa wa UKIMWI ndio uliowafundisha watu wengi thamani ya kumbukumbu. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 mafunzoni Cuba. Walipopimwa, 18 walionekana kuwa na virusi, na Rais Castro akampasha Rais Museveni habari hiyo mjini Harare. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe Christopher, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO, ambacho baadaye kilifungua vituo Jinja na Mbale. Katika miaka ya 1990 chama cha wanawake cha NACWOLA kilieneza vitabu vya kumbukumbu, ambamo mzazi mgonjwa humwandikia mwanawe habari za ukoo, za kuzaliwa kwake na za mambo ayapendayo.

Mwaka huo wa 1987, huko San Francisco, Marekani, Cleve Jones na wenzake walianza kushona mfarishi wa waliokufa kwa ugonjwa huo. Kila kipande kilikuwa na futi 3 kwa 6, karibu sawa na kaburi. Mwezi wa Oktoba vipande 1,920 vilitandazwa mjini Washington. Sasa ni takriban 50,000. Vingi vilishonwa kwa mavazi ya marehemu wenyewe.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hii: kitabu chahitaji mzazi aliye hai na mwenye nafasi ya kuandika. Askari aweza kuondoka asubuhi asirudi jioni. Nguo zake hubaki.

Kazi yenyewe si ngumu. Nguo zifuliwe, zipigwe pasi, kisha zikatwe vipande vya mraba vya sentimita 22. Kila upande uachiwe sentimita 1 ya mshono, ili kila kipande kibaki na sentimita 20. Vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu, jumla 63, vyatoa mfarishi wa sentimita 140 kwa 180. Shati moja la mikono mirefu laweza kutoa vipande wapatao 10. Basi mashati saba yatosha. Fulana huvutika, hivyo ishikizwe kwanza juu ya kitambaa kigumu. Mfuko na vifungo visiondolewe, kwani ndivyo mtoto atakavyovigusa kwanza. Ndani liwekwe blanketi kuukuu, nyuma kitambaa cha marekani, na pembeni litariziwe jina la marehemu na miaka yake.

Hapa pana onyo. Sare isikatwe kamwe. Sare ni mali ya Serikali, na sheria yamkataza raia kuwa nayo bila ruhusa. Irudishwe kikosini pamoja na vifaa vingine. Zitumike nguo za nyumbani: kanzu ya Idi, shati la kanisani, fulana ya mpira. Hizo ndizo zilizomjua baba akiwa baba.

Aidha, wazee wa ukoo waulizwe kabla ya mkasi kushikwa. Wako wanaoziogopa nguo za marehemu, na wako wenye haki ya kupewa vazi fulani kwa desturi. Wapewe lao, linalobaki liwe la mtoto.

Ndugu askari, twawaomba msingoje matanga. Mwambieni mke au dada ni shati lipi lisitolewe kwa mtu, na mweke mfukoni mwake karatasi yenye majina ya babu na ya kijiji. Siku ikifika, mtoto atakuwa na cha kujifunika na cha kusoma.