Kugandisha vyuma vya injini: baridi inamalizia kazi ya moto

Tumezoea kwamba chuma hutengenezwa kwa moto. Kwa hiyo ukisikia kuna watu wanaweka gia na beringi kwenye baridi ya nyuzi -196 kwa siku nzima ili zidumu, unaweza kudhani ni porojo za wauzaji. Si porojo, lakini pia si dawa ya kila chuma. Tuone kwa nini.

Moto unaacha kiporo

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Ukiipasha hadi iive nyekundu, atomi zake hujipanga katika umbo linaloitwa austenaiti, na kaboni huyeyuka humo. Ukiitumbukiza ghafla kwenye mafuta, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa ndani, na umbo linageuka kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu sana. Ugumu wa meno ya gia unatoka hapo.

Sasa, mgeuko huu hausubiri muda, unasubiri joto lishuke. Kila linaposhuka, sehemu nyingine inageuka. Kaboni ikizidi takriban asilimia 0.6, mgeuko hauishii kwenye joto la chumba. Unaishia chini ya sifuri. Yaani kipuri kimeshapoa, unakishika kwa mkono, lakini ndani bado kuna kiporo cha austenaiti.

Kiporo hicho ni laini, kwa hiyo kinalika mapema. Tena kinaweza kugeuka baadaye, injini ikiwa kazini. Martensaiti huchukua nafasi zaidi kwa takriban asilimia 4, hivyo kipuri kinavimba. Kwa beringi inayopimwa kwa maikromita, hata uvimbe mdogo ni balaa.

Baridi inafanyaje kazi?

Kipuri huwekwa kwenye kasha maalumu na kupozwa polepole kwa mvuke wa nitrojeni, ambayo ikiwa kimiminika huchemka kwenye nyuzi -196. Haraka haraka hapa huleta nyufa. Huachwa humo kwa saa nyingi, mara nyingi 24 au zaidi, kisha hurudishwa taratibu. Mwisho hupashwa tena kwa moto mdogo, kwenye nyuzi 150 hadi 200 hivi, kwa sababu martensaiti mpya ni ngumu lakini inakatika kirahisi.

Kumbe sehemu kubwa ya kiporo huwa imegeuka kufikia nyuzi -80 hivi. Kwa nini basi kushuka hadi karibu na -196? Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba baridi hiyo ndefu huandaa martensaiti ili, ikipashwa tena, itoe chembe ndogo sana za kabaidi zinazozuia msuguano usiile. Ukubwa wa faida hiyo bado unabishaniwa, na hutofautiana kati ya aina moja ya feleji na nyingine.

Kipuri gani kinafaidika?

Kile chenye kiporo. Beringi, na gia zilizoongezewa kaboni usoni, zimo, ingawa kwenye baadhi ya gia kiasi kidogo cha austenaiti huachwa makusudi ili meno yasivunjike kirahisi. Pistoni ya alumini haina martensaiti hata kidogo, kwa hiyo maelezo haya hayaihusu.

Wakati nao una maana. Austenaiti ikikaa muda mrefu baada ya kupozwa, au ikishapashwa tena, huwa sugu na kugoma kugeuka. Ndiyo maana baridi hufanya kazi vizuri zaidi kiwandani, mara tu baada ya kipuri kutoka kwenye mafuta, kuliko kwenye kipuri ulichonunua dukani. Na friza ya nyumbani, yenye nyuzi -18, haifiki mbali.

Basi siku ukiambiwa ulipe zaidi kwa kipuri "kilichogandishwa", uliza maswali matatu: ni chuma cha aina gani, kiligandishwa katika hatua ipi, na je, kilipashwa tena baadaye? Muuzaji asiyeweza kujibu anakuuzia baridi tu.