Kabla ya Kununua Mbwa Chotara, Pima Kwanza Nyumba Yako

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaobaki na watoto nyumbani, ukurasa huu umezoea kuwapa habari za kofia ngumu, vumbi la mgodini na malaria. Mara hii tunazungumza juu ya mbwa. Msicheke. Mtu akiumwa na mbwa, analetwa kwetu sisi wa kituo cha afya. Mara nyingi ni mtoto, na mara nyingi mbwa aliyemuuma anajulikana: ni wa nyumbani kwao, au wa jirani.

Sababu ya kutaka mbwa tunaifahamu. Baba yuko kazini juu milimani kwa majuma kadhaa. Mama yuko Mulongwe na watoto, na wezi wanajua nyumba isiyo na mwanaume. Ndipo anapokuja mtu na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, anasema: «Huyu si mbwa wa kawaida, ni chotara. Baba yake ni Berger allemand, mbwa wa polisi. Mama yake ni wa hapa kwetu. Atakuwa na ukali wa baba na ugumu wa mama.» Bei yake ni kubwa, na mshahara umetoka jana.

Kabla hujafungua mfuko, soma kwanza.

CHOTARA NI MBWA WA NAMNA GANI?

Chotara ni mtoto wa mbwa wa aina mbili. Muuzaji anataka uamini kwamba mtoto huchukua mema ya baba na mema ya mama, na mabaya yanabaki nyuma. Sivyo. Kuchanganya damu si kama kuchanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo, ambapo bugali wote unakuwa wa namna moja. Angalieni watoto wenu wenyewe: baba mmoja, mama mmoja, lakini mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja mpole, mwingine mgomvi. Mbwa ni vilevile. Katika uzao mmoja wa chotara, mmoja anaweza kuwa na manyoya mazito na kilo 35, na ndugu yake akawa mdogo, mwenye woga.

Mfano maarufu unatoka Australia. Mwaka 1989, Wally Conron alikuwa anasimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu. Mama mmoja kipofu wa Hawaii alihitaji mbwa, lakini mume wake aliugua kila alipokaribia manyoya ya mbwa. Conron akachanganya Labrador na Poodle. Wakazaliwa watoto watatu. Akatuma manyoya na mate yao Hawaii ili yajaribiwe: katika wale watatu, ni mmoja tu aliyefaa. Baba mmoja, mama mmoja, na bado wawili hawakufaa kwa kazi ile waliyozaliwa kuifanya.

Baadaye mbwa wa mchanganyiko huo walipendwa dunia nzima, wakauzwa kwa bei kubwa. Mwaka 2019 Conron, akiwa mzee, alisema hadharani kwamba anajuta, kwa sababu watu walianza kuzalisha chotara wa kila namna kwa ajili ya faida, bila kuangalia magonjwa ya wazazi. Basi, kama mtaalamu mwenyewe alipata mmoja kati ya watatu, mtu wa kikapu anaweza kukuahidi nini?

MBWA WETU TUSIMDHARAU

Wako wanaomwita mbwa wa kienyeji mbwa bure. Lakini wageni walimtafuta. Mbwa wa misitu ya Kongo, ambaye Ulaya wanamwita Basenji, asiyebweka kama wengine, alipelekwa Uingereza mwaka 1895. Wale wa kwanza walikufa upesi kwa ugonjwa wa mbwa wa huko, ambao miili yao haikuuzoea. Ilikuwa lazima kungoja mpaka miaka ya 1930 ndipo aina hiyo ikashika mizizi Ulaya.

Funzo lake ni hili: mbwa aliyehamishwa hukutana na magonjwa asiyoyajua. Yaliyowapata wale wa Kongo kule, yanawapata wa Ulaya hapa. Mbwa wa kigeni, au chotara mwenye damu nyingi ya kigeni, hushindwa upesi na kupe wetu na homa wanazoleta. Tena mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu; hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mwenye manyoya mazito, akifungwa juani hapa kando ya ziwa saa sita mchana bila maji wala kivuli, anaweza kufa siku hiyohiyo.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA

1. Lupango wako una ua? Mbwa mkali katika lupango usio na ua ni mbwa wa kartie nzima. Atamuuma mtoto anayepita kwenda kuchota maji, na wewe utalipa. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa, anazidi ukali. Na tena, msisahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba usiku kwa mchana: mbwa aliye kwenye mnyororo hawezi kuyakimbia maji.

2. Atakula nini? Mbwa mkubwa wa kilo 30 anahitaji chakula kinachokaribia kile cha mtoto wa miaka mitano, kila siku, kwa miaka kumi na zaidi. Bugali peke yake hautoshi. Anahitaji pia vichwa vya ndagala, matumbo, au mifupa mikubwa isiyovunjika vipande. Kama sufuria yenu inaisha kabla watoto hawajashiba, mbwa huyo bado hajafika wakati wake. Mbwa mwenye njaa hazuiliki nyumbani. Anakwenda jalalani, na huko ndiko anakokutana na mbwa wagonjwa.

3. Nani atamwangalia? Baba aliyemnunua yuko mgodini. Kazi inamwangukia mama, ambaye labda hakuulizwa. Mwulize kwanza. Mbwa asiyemheshimu mama si mlinzi wa mama.

4. Kuna watoto wa chini ya miaka mitano? Hao wasiachwe peke yao na mbwa yeyote, hata dakika moja, hata mbwa aliyezaliwa nyumbani. Mtoto mdogo huvuta mkia, hutia kidole jichoni, tena uso wake uko sawa na meno ya mbwa.

5. Kuna mtu mwenye pumu? Wauzaji wengine wanasema chotara fulani hana manyoya yanayodhuru. Waganga walipopima nyumba zenye mbwa wa namna hiyo, hawakukuta tofauti na nyumba za mbwa wengine. Kinachomsumbua mgonjwa hakimo katika manyoya tu. Kimo katika mate na katika ngozi inayopukutika, na hakuna mbwa asiye na mate.

6. Jirani anasemaje? Uvira tunaishi karibu-karibu. Kuna jirani anayeanika ndagala, kuna anayelala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku, kuna Mwislamu ambaye mate ya mbwa yanamlazimu kuosha nguo kabla ya sala. Ni vizuri kuwaambia kabla mbwa hajaja, kuliko kuombana radhi baadaye.

Ukijibu maswali yote sita na moyo wako ukatulia, mchukue. Awe chotara, awe wa kienyeji, haidhuru. Usimchukue kabla hajatimiza majuma manane kwa mama yake. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama wa mbwa: mama akiwa na woga au anaumauma ovyo, acha. Mpe dawa ya minyoo, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani wanakocheza watoto.

Na akitimiza miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha arudie kila mwaka. Hapo ndipo penye jambo kubwa la ukurasa huu.

KICHAA CHA MBWA HAKIULIZI AINA

Chotara wa bei kubwa na mbwa wa jalalani hufa kwa kichaa kilekile, na huua watu sawasawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59.000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaokufa, 99 waliupata kwa mbwa. Na kati ya watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu uko katika mate. Huingia kwa jino, kwa kucha yenye mate, au kwa kulambwa penye kidonda. Kisha hutembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Jeraha likiwa usoni, njia ni fupi zaidi. Kwa muda huo wote mtu anajiona mzima. Lakini akianza kuogopa maji na kuweweseka, hakuna hospitali itakayomwokoa, wala hapa wala Ulaya. Nafasi ya kuokoa maisha iko kabla ya dalili, na inaanzia nyumbani kwenu, penye ndoo ya maji.

Mtambueni mbwa mgonjwa: amebadilika tabia, anauma bila sababu, sauti yake si ileile, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inalegea. Wengine hawana ukali kabisa. Mdomo unabaki wazi kama kwamba mfupa umemkwama. Usitie mkono wako kinywani mwake kutafuta mfupa huo! Tena mtoto wa mbwa naye huugua. Udogo si kinga.

MBWA AKIUMA, FANYA HIVI

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Dakika mbili hazitoshi. Sabuni ya kawaida ya kufulia inafaa, kwa sababu inaua mdudu huyo.

Usitie pilipili, majivu, mafuta wala jiwe jeusi. Usifunge kwa nguvu, na usikubali kushonwa upesi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni kama mkwaruzo. Chanjo haipatikani katika kila kituo. Ulizeni mapema inapopatikana, kabla ya shida, na muandike jibu nyuma ya mlango. Wengi wanakimbia kwa sababu walisikia habari za shindano nyingi za tumboni. Hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi chanjo inapigwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, mara chache tu ndani ya majuma machache. Lakini lazima kumaliza zote. Kwa jeraha linalotoka damu, muganga ataongeza dawa ya kinga inayopigwa penye kidonda chenyewe.

Mbwa asiuawe kwa hasira na kutupwa ziwani. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima mpaka siku ya kumi, hakuwa na ugonjwa katika mate siku ile aliyouma, na muganga anaweza kuamua kusimamisha chanjo. Lakini msingojee siku hizo kumi ndipo muanze. Anzeni leo.

Chanjo hii si ndoto. Louis Pasteur aliitumia kwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, Julai 1885 huko Paris. Mtoto yule alipona, akakua, akafanya kazi katika taasisi ya Pasteur.

WAFUNDISHENI WATOTO

Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi. Mbwa usiyemjua akija mbio, usikimbie: simama kama mti, mikono chini, macho usimkazie. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, ufunike shingo na masikio kwa mikono.

Na hili ni la wazazi zaidi. Mtoto anayechapwa kwa sababu alichokoza mbwa, mara ya pili ataficha jeraha. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mwambieni kila mtoto: mbwa akikuuma, akikukwaruza, akikulamba kidonda, njoo useme, hutapigwa. Neno hilo halina bei, lakini ni ukuta wa kwanza wa nyumba yako.

Mwisho, fanya hesabu hii, ewe baba wa jamaa. Chukua fedha uliyotaka kumpa muuzaji wa chotara. Igawe: sehemu moja kwa ua wa lupango, sehemu moja kwa chanjo ya mbwa wa kienyeji na dawa yake ya minyoo, sehemu moja kwa taa na kufuli nzuri ya mlango. Mara nyingi utakuta kwamba umepata ulinzi zaidi, na kitu kidogo kimebaki kwa mboga. Na kama tayari una chotara nyumbani, na unampenda, usione haya. Mpeleke kwa muganga wa mifugo juma hili. Jina la baba yake halitamkinga mtoto wako. Chanjo itamkinga.