Soma Mkataba Kuanzia Mwisho

Muuguzi anayeniletea mkataba wa Saudia nimsomee huwa na swali moja mdomoni: huu mshahara unalipa? Mimi hufunua kwanza kurasa za nyuma. Kazi ya miaka miwili ugenini haina hakika nyingi. Huwezi kujua wodi utakayopangiwa ikoje, wala msimamizi wako ni mtu wa namna gani. Ila siku ya kuondoka imeshaandikwa, na fedha nyingi za mkataba hupatikana au hupotea kulingana na namna utakavyoondoka.

Nimeichagua Saudia kwa sababu kule kazi ya mgeni ni ya muda kisheria. Mkataba wa asiye raia ni lazima uwe wa maandishi na uwe na kikomo. Kwa wauguzi, kikomo hicho mara nyingi ni miaka miwili. Haya ninayoyaeleza yanahusu hospitali zinazofuata Sheria ya Kazi, zikiwemo za binafsi. Anayeajiriwa moja kwa moja na wizara au na hospitali ya jeshi aulize mapema ni kanuni zipi zitakazomhusu, maana zinaweza kuwa tofauti.

Tuanze na kiinua mgongo, kwani ndicho watu wengi wanachokikosa bila kujua kwa nini. Tuseme mshahara wako ni riyali 4,000 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwenye dola tangu 1986 kwa kiwango cha 3.75, kwa hiyo unapokea kama dola 1,067, na hesabu hiyo haiyumbi. Kifungu cha 84 kinampa mfanyakazi nusu mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Aliyemaliza miaka yake miwili, mkataba ukafikia kikomo naye akaondoka, anadai riyali 4,000. Aliyejiuzulu mwezi wa ishirini hadai kitu, kwa sababu kifungu cha 85 humpa anayejiuzulu ndani ya miaka mitano ya kwanza theluthi tu ya kiinua mgongo, tena awe ametimiza miaka miwili.

Kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye anayenisikitisha zaidi. Amemaliza miaka miwili salama, lakini hakutoa notisi kwamba hataki kuendelea, na mkataba ukajihuisha wenyewe. Miezi mitatu baadaye anaandika barua ya kuacha kazi ili awahi harusi ya mdogo wake. Sasa anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Utumishi wake wote ukihesabiwa pamoja, kama ilivyo kawaida, ni miaka miwili na robo, yaani riyali 4,500, na haki yake ni theluthi: riyali 1,500. Amefanya kazi miezi mitatu zaidi na kiinua mgongo kimepungua kwa riyali 2,500. Kwa hiyo tafuta kwenye mkataba kipengele cha kuhuisha, uone notisi inatakiwa siku ngapi kabla, kisha uiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yako siku ile ile unayosaini.

Kipengele cha pili cha kusaka ni cha fidia. Chini ya kifungu cha 77, upande unaovunja mkataba bila sababu halali humlipa mwenzake. Mkataba usipotaja kiasi, fidia ya mkataba wenye kikomo ni mishahara ya muda wote uliobaki, na isipungue miezi miwili. Kifungu hicho kinamlinda muuguzi anayefukuzwa mwezi wa sita bila kosa. Kinaweza pia kumgeukia muuguzi anayetoweka mwezi wa sita kwa kuwa kazi imemshinda. Basi tazama kama mkataba wako umetaja kiasi, na kama kiasi hicho ni sawa kwa pande zote mbili. Nikiona mwajiri amejiwekea fidia ya mwezi mmoja na muuguzi akawekewa miezi sita, ushauri wangu ni usisaini hadi kirekebishwe. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Februari 2025 yameweka utaratibu wa wazi wa kujiuzulu kwa maandishi: mwajiri akikaa siku 30 bila kujibu, barua yako imekubaliwa. Ipo pia njia ya kifungu cha 81, inayomruhusu mfanyakazi kuacha kazi bila notisi na haki zake zikabaki, ikiwa mwajiri ndiye aliyekiuka wajibu wake, kwa mfano kwa kutolipa mshahara. Kwa njia hiyo unahitaji ushahidi, na ushahidi ni taarifa za benki na nakala ya mkataba, siyo kumbukumbu ya kichwani.

Gharama nazo zimegawanywa na kifungu cha 40. Mwajiri hulipa gharama za kumleta mfanyakazi, ada ya iqama (kibali cha ukaazi) na ya kibali cha kazi, pamoja na faini zikicheleweshwa, ada ya viza ya kutoka na kurudi, na tiketi ya kurudi kwao uhusiano wa kazi ukiisha. Anayeamua kurudi bila sababu halali hujilipia nauli. Kwa hiyo wakala wa Dar es Salaam au Mombasa anayekutoza “hela ya viza” na “hela ya iqama” anakutoza deni la mwajiri. Kabla hujampa pasipoti, hakikisha ana kibali: Kenya, usajili wa Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA); Tanzania, kibali cha Kamishna wa Kazi. Ukishafika, pasipoti yako ikae kwako. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia, hata akisema anakuhifadhia.

Watu bado wananiuliza kama mwajiri anaweza kumzuia mtu asitoke nchini au asihame kazi. Tangu Machi 2021 mfanyakazi anayelindwa na Sheria ya Kazi anaweza kujiombea viza ya kutoka kupitia mfumo wa Absher, na akitimiza mwaka mmoja anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya wa kwanza, kwa masharti ya notisi na mkataba uliosajiliwa kwenye mfumo wa Qiwa. Wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo. Ndiyo maana fani iliyoandikwa kwenye viza ni jambo kubwa. Muuguzi anayekubali kuingia kwa viza ya kazi za nyumbani, akiahidiwa kwamba atabadilishiwa akifika, ameuacha ulinzi huo uwanja wa ndege wa kwao.

Sasa turudi nyuma, kwenye maandalizi ya kabla ya safari, maana huko ndiko miezi inakopotelea. Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya ndiyo inayosajili wauguzi, kupitia mfumo wa Mumaris Plus. Kabla ya usajili, kampuni ya DataFlow huandika moja kwa moja kwa chuo chako, kwa baraza lililokupa leseni na kwa kila hospitali uliyotaja, kuuliza kama karatasi zako ni za kweli. Halafu kuna mtihani wa kompyuta kwenye kituo cha Prometric, na vipimo vya afya katika kliniki zilizo kwenye mfumo wa Wafid, uliokuwa ukiitwa GAMCA: picha ya kifua kwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na ujauzito kwa wanawake.

Mtihani si kikwazo kwa muuguzi aliyesoma. Kinachokwamisha ni majibu ya DataFlow. Fikiria hospitali ya wilaya, ofisi ya utumishi yenye karani mmoja na kabati la mafaili. Barua pepe imefika, ya Kiingereza, inauliza kama fulani alifanya kazi hapo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa cheo gani. Karani haijui kampuni hiyo, anahisi ni matapeli, anaiacha. Au anajibu kwa tarehe za kwenye faili, ambako kazi ilianza Machi, wakati barua uliyoandikiwa na mkuu wa wodi inasema Januari, mwezi uliokuwa ukijitolea. Ripoti inatoka ikisema taarifa hazilingani, na doa hilo litakufuata. Nenda ofisi ya utumishi mwenyewe kabla ya kuwasilisha maombi. Mwombe karani akufungulie faili, linganisha tarehe na cheo, linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi, hasa jina la babu ambalo vyeti vya zamani huliacha. Mweleze kwamba barua pepe itakuja na itatoka kwa nani. Safari hiyo moja imewaokoa wengi.

Jambo jingine: mwenye digrii ya uuguzi huainishwa na Tume kama muuguzi mtaalamu, na mwenye stashahada kama fundi wa uuguzi, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi. Daraja hilo huonekana kwenye leseni na hugusa mshahara. Mwenye stashahada aliyebakiza mwaka kumaliza digrii, mimi humshauri amalize kwanza.

Kwenye mshahara, tenganisha mshahara wa msingi na marupurupu. Sheria inaweka saa 48 kwa wiki, yaani shifti nne za saa kumi na mbili, na saa 36 kwa Waislamu wakati wa Ramadhani. Saa ya ziada hulipwa kwa malipo ya saa ya kawaida na nyongeza ya nusu, na nyongeza hiyo hupigwa kwa mshahara wa msingi. Mkataba wenye msingi mdogo na posho kubwa ya nyumba unapendeza kwenye jumla, lakini ovataimu yake ni nyepesi.

Na mshahara huo haukatwi kodi ya mapato, wala mgeni hachangii pensheni. Watu hushangilia. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba miaka yako kule haiongezi chochote kwenye uzee wako, usipochangia mwenyewe kwa hiari NSSF au kuweka akiba nyingine nyumbani. Vivyo hivyo leseni ya Baraza la kwenu: ihuishe kila inapotakiwa, pamoja na alama za mafunzo endelevu. Aliye mtumishi wa umma aombe likizo bila malipo kwa maandishi, asubiri jibu la maandishi. Kuondoka kimyakimya ni utoro kazini, na nafasi yake haitamsubiri.

Wengine watasema bora Uingereza. Huko Mkenya ana njia ya makubaliano ya serikali mbili ya Julai 2021. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu, iliyotolewa 2023, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kusaka wauguzi Tanzania. Muuguzi mwenyewe hajakatazwa kuomba. Anayekuja mtaani kwenu akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi wa Kitanzania, mwombe karatasi zake.

Wiki ya mwisho ya mkataba ina kazi zake. Chini ya kifungu cha 88 mwajiri anatakiwa kukulipa haki zako zote ndani ya wiki moja tangu kazi iishe, au wiki mbili ikiwa wewe ndiye uliyeacha. Usiondoke kabla fedha haijaingia benki. Dai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako bila malipo, kikiwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo na wodi. Omba kwa Tume barua inayothibitisha kwamba leseni yako haina doa. Kisha chukua anwani ya barua pepe ya ofisi ya utumishi ya hospitali, siyo ya afisa mmoja atakayehama kesho, maana ukiomba kazi Qatar, Oman au Dubai, DataFlow wataiandikia ofisi hiyo kuuliza habari zako.