Miombo haingoji mvua

Fika Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, mwishoni mwa Septemba. Vumbi limejaa, nyasi zimeungua, na masika bado yako mbali, hadi Novemba. Sasa inua macho: mtundu, mmoja wa miti ya miombo, umeshachipua, majani yake machanga mekundu kama shaba, na baada ya muda mfupi yatakuwa kijani. Katika mbio za kuikaribisha mvua, miombo hushinda kwa kuondoka kabla ya filimbi. Mti hutumia maji uliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi huyafuata chini kabisa. Nyasi na mahindi havina akiba hiyo, ndiyo maana hungoja.

Satelaiti zimelirekodi jambo hili. Jani zima hula mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi, tusiouona kwa macho. Tofauti ya hiyo miwili ndiyo kipimo cha ukijani.

Kongwe wa kazi hii ni Landsat ya kwanza, iliyorushwa tarehe 23 Julai 1972. Mbishi kuliko wote ni Landsat 5: ilipangiwa miaka mitatu, ikafanya kazi kuanzia 1984 hadi 2013, na Guinness wakaiandika kitabuni mwao. Mwenye bidii ni Terra, iliyorushwa Desemba 1999, ambayo hupita juu ya Uyui karibu kila siku. Tatizo ni macho yake: nukta bora ya picha zake za kila siku ni mita 250 kwa 250, yaani inameza ekari 15 kwa mkupuo, shamba la tumbaku pamoja na pori la jirani. Sentinel-2, ya mwaka 2015, ina nukta za mita 10, hivyo ekari moja hupata nukta kama 40. Ila Januari, mawingu yakitanda, satelaiti zote hizi hazioni kitu. Hapo anayebaki kazini ni Sentinel-1, yenye rada inayopenya wingu.

Miombo huiwahi mvua; na nani huchelewa? Ukijani wa eneo kwa jumla. Mtafiti Sharon Nicholson na wenzake, waliochunguza Afrika Mashariki kwa picha za miaka ya 1980, waliona ukijani wa mwezi huendana zaidi na mvua ya mwezi huo ikijumlishwa na ya miezi miwili iliyotangulia. Mvua ya mwaka ikizidi takriban milimita 1,000, uhusiano hulegea: pori limeshashiba. Tabora iko karibu na mpaka huo.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, masika yakinyemelea. Ukijani wa msimu ule hakuna aliyeupima kutoka juu. Wa kwako unaweza kuutazama: tafuta picha za Isikizya za Septemba na za Februari, uziweke pamoja. Picha za Landsat ni bure tangu 2008.